Nyuzi Tatu, Si Nne

Mundhir amenambia kwa simu, kutoka dukani kwake Ruwi:
Usiiunganishe na mtandao, shangazi. Usifungue kivinjari.
Ukikifungua tu kinaanza kufagia,
na kikifagia hakiulizi.
Na baba asijue kama nimekusaidia.

Basi nimekaa mkekani, hapa Ibra,
na kompyuta niliyoitupa kabatini
betri ilipovimba kama andazi.
Waya umechomekwa. Feni inakoroma.

Yahya ameifuta ile video.
Hakufanya kwa ubaya. Alisema maiti apumzike,
si vyema mtu yumo kaburini
na huku anatembea kwenye vioo vya watu.
Simu aliyoipigia alishaiuza.
Sikumjibu. Nilimpa kahawa, akanywa,
akatikisa kikombe kuwa yatosha.

Ila mtende hauna habari za maiti.
Juzi karara limepasuka.

Folda imefichwa ndani ya folda iliyofichwa.
Shuka, ananiambia, ingia, shuka tena.
Nikafika. Mafaili elfu nne na ushei
na hakuna hata moja lenye jina la mtu:
herufi, sifuri, sifuri, tarakimu,
kama makaburi yetu, mawe tu, hayakuandikwa.

Yapange kwa ukubwa. Yakajipanga.
Tukafungua moja moja.
Tangazo la benki.
Mwanamke nisiyemjua anakaanga biringani.
Nusu ya mechi, nusu ya hotuba,
na viatu, viatu, kumbe mwaka ule
nilikuwa naangalia viatu kiasi hiki!
Makombo ya macho yangu mwenyewe.
Niliona haya, kama aliyemwagiwa
kapu la nguo chafu mbele za wageni.

La kumi na tisa. Megabaiti thelathini na moja.
Mwezi wa pili, baada ya alasiri.
Linakili kwanza, liweke pembeni,
ndipo ulipe mkia: nukta, em, pii, nne.
Kidole kiliitafuta nukta mpaka nikakiona kijinga.

Akatoka baba.
Kofia imekaa upande, kanzu kaipandisha magotini,
yuko juu ya ngazi na anamgombeza mpiga picha:
"Shika ngazi wewe Yahya, simu haitanidaka!"
Kiswahili chake kile kile cha Mkunazini,
miaka hamsini huku na hakikupungua chumvi.
"Unachukua nyuzi tatu za dume.
Tatu, si nne, usiwe na pupa.
Unazipindua kichwa chini, katikati ya shada la jike.
Unafunga kwa ukuti, si kamba ya dukani.
Halafu"

Kioo cheusi.
Nikarudia. Halafu. Nikarudia. Halafu.

Mundhir akauliza taratibu:
Siku ile uliiangalia mpaka mwisho, shangazi?
Maana mashine huweka kilichofika tu.
Ambacho hukukingoja, haikukuwekea.

Sikungoja.
Nakumbuka. Mwenyewe aliniita toka uani,
Zuwena, chai inapoa,
nikamfunga wa kwenye kioo
nikamfuata wa uani.
Tulikunywa. Alilalamika hiliki imezidi.

Faili nimelinakili mara mbili,
nikalipa jina: Nasor bin Suweid,
na la babaake, na la babu yake,
mpaka kompyuta ikakataa urefu.

Asubuhi nimempigia Yahya.
Habari ya faili sikumpa.
Nimemwambia aje anishikie ngazi,
maana yeye na kupanda juu ni maadui tangu utoto.
Amekuja. Ameshika kwa mikono miwili,
simu ameiacha garini.

Niko juu. Unga wa dume umenipaka vidole.
Nyuzi tatu. Nimezipindua.
Nimefunga kwa ukuti, ukakatika, nikafunga tena.
Yahya kainua uso, jua limemfumba jicho moja,
ananiuliza:
halafu?