Zamu ya Tatu

Čeněk, bili ya umeme imekuja tena, imenuna.
Nimeiweka chini ya bakuli la sukari, pale pale
ulipokuwa ukizificha zako ukidhani sizioni.

Kompyuta yako bado inakoroma chumbani.
Sijaizima tangu tukuzike, Februari.
Theluji ya Ostrava iliyeyuka, sasa imeanguka tena na masizi yake,
nayo inahesabu tu, taa ya kijani
ikipepesa kama mtu anayejizuia kusinzia ibadani.

Ulinieleza siku moja, nami nakaanga vitunguu,
kwamba kuna swali kubwa mno, halienei katika jengo moja;
wataalamu wamelikata vipande kama mkate wa shughuli,
wewe kipande, yule kipande,
kila nyumba itafune chake wenyewe wamelala.
"Ni protini za mapafu," ukasema, "namna zinavyojikunja."
Ukakohoa. Ukakohoa tena.
Vitunguu vikaungua.

Mlikuwa tisa kwenye timu, wote wa shimo moja.
Mkajiita Zamu ya Tatu,
ile ya saa nne usiku hadi kumi na mbili alfajiri.
Miaka thelathini mlishushwa na lifti ya vyuma
kuchimba makaa; mlipostaafu
mkaona haya kulala usiku kama watu wengine.
Basi mashine zikashuka badala yenu.
Otakar alinunua ya mtumba, haina hata kifuniko.
Hynek aliifunga yake bafuni
maana joto lake lilikausha soksi.
Mlipofika nafasi ya elfu nne mia moja na kumi na mbili duniani
mlikunywa brandi ya plamu hadi jirani akagonga ukuta.

Sasa mmebaki, nisamehe, wamebaki watano.

Na mimi nilikuwa nimeamua. Kidole kilikuwa kwenye swichi.
Pensheni ni shuka fupi: ukifunika kichwa, miguu i nje.
Protini sizijui. Najua bei ya siagi.

Ndipo Radim wa ghorofa ya tano akabisha hodi
na bisibisi, na brashi ya kupakia rangi.
"Otakar amenituma. Mashine ya mzee inachelewa."
Akaifungua ubavu.
Vumbi, Čeněk. Vumbi la kijivu juu ya feni,
tabaka kwa tabaka, laini kama manyoya ya paka.
Hatukusema kitu. Kijana yule hajawahi kuliona shimo,
lakini alilitoa polepole, kwa brashi na kwa pumzi,
kama anayemwosha mtu.
Ilipowashwa ikavuta hewa bila kupiga mluzi.
Nilikwenda jikoni nikafungua bomba, sikuosha chochote.

Alipokuwa anavaa viatu nikamuuliza:
watajuaje kwamba jibu letu si la uongo?
Akasema kila kipande hupelekwa nyumba mbili zisizojuana.
Kila moja huhesabu peke yake.
Majibu yakilingana, yanapokelewa;
yakipishana, anatafutwa wa tatu.
Akanionyesha: kipande cha jana kimepita.
Mwenzetu alikuwa mtu wa Asunción, Paraguay.
Hana jina, ana namba.

Nililala nikimwaza.
Huko ni joto sasa, pengine anailaani mashine yake
kwa kumchemshia chumba,
huku mimi naiegemezea yako mgongo.
Hatujui tunachokubaliana.
Lakini tumekubaliana, hadi tarakimu ya mwisho,
jambo ambalo mimi na wewe kwa miaka arobaini na mmoja
hatukuliweza hata kwenye chumvi ya supu.

Nimelipa bili. Siagi itasubiri.
Otakar anauliza kama nataka kubadilisha jina orodhani.
Nimemwambia aliache.

Saa nne hii. Kipande kipya kimeingia,
kazi ya saa kumi na moja na dakika ishirini.
Nimekumiminia chai, mazoea tu.
Nitainywa mwenyewe ikipoa.