Jozi

Mlima wa Kijani, ndivyo wanavyouita,
na kiangazi hiki jina limeupwaya
kama kanzu ya mgonjwa.

Mjozi wetu ulianza kupukutisha mwezi wa saba,
majani mabichi, moja moja,
mithili ya mtu anayevua bangili
kabla mdai hajabisha hodi.
Muhenna alikuwa akisema
mti ukifanya hivyo haufi, unapunguza midomo.
Nyumbani ilikuwepo miwili.
Umebaki wangu.

Zamu yetu ya falaji ni nusu saa
kila siku ya tisa. Mwezi wa nane
ilitukuta saa nane za usiku, maji yamekonda
hata kunguruma yamesahau.
Shemeji Hamyar alishika tochi:
"Yapeleke kwenye mikomamanga. Ina soko Nizwa.
Hizo jozi utakula na nani?"
Sikumjibu. Nilichomoa jiwe na tambara,
nikayagawa kama wali wa wageni wasiotarajiwa:
kila mmoja akaonja,
hakuna aliyeshiba.

Makomamanga, tunda tulilolibandika Unguja
jina la huku, bila kujua huku ni wapi,
yalikipata kile kionjo cha ghafla yakapasuka.
Nyigu wakawahi kabla ya wachuuzi.
Matuta ya kitunguu thomu
hayakuguswa na jembe.

Sasa alfajiri ina baridi. Nimeupiga mjozi kwa ufito,
zikaanguka nyepesi, bila kishindo.
Miaka mingine maganda yake hunitia wino wa kahawia
hadi kwenye vifundo vya mikono, wiki nzima hautoki,
na wanawake hapa hawaulizani mavuno,
hutazamana viganja.
Leo vyangu ni safi.
Nimevificha ndani ya shela.

Nimepasua karai zima:
vumbi jeusi, ngozi nyembamba kama bawa la nondo,
hewa.
Kwetu jozi ni viwili vinavyokwenda pamoja,
viatu, hereni, mume na mke wakinuniana.
Moja tu nimeipata yenye uhai,
nayo imejaa upande mmoja.
Nimeula ule mzima,
mtamu, na uchungu kidogo pale kwenye ngozi.
Wa pili nimeuacha gandani, mahali pake.

Keshokutwa ni zamu yetu.
Hamyar asije na tochi.
Njia ya kwenda mjozini
naijua gizani.