Jiwe la Kumi na Tisa

Siku ya kwanza hakuniuliza naumwa wapi.
Aliniuliza, "Mama Nyamizi, kutoka barabarani
hadi mlangoni kwako ni mawe mangapi?"
Nikamwona mjinga.
Nani Igogo anahesabu mawe?
Mwanza nzima imekaa juu ya mawe, tunayapanda tu.
Tumeyapanda na ndoo kichwani, na mimba tumboni,
na gunia la mkaa, usiku, bila tochi.
Nimeyapanda miaka thelathini na moja,
mpaka asubuhi ile ya Machi mkono ukaangusha kikombe
na mdomo ukakataa jina la mjukuu wangu.

Nilitaka sindano. Nilitaka dripu, kitu cha kuonekana,
shemeji yangu wa Geita akija aone natibiwa.
Huyu Bwire akanipa soksi iliyojaa mchanga.
"Inua."
Elimu yote hiyo, koti jeupe, halafu soksi!

Nikamwambia mguu umekufa ganzi.
Akasema, "Kufa ganzi si kufa.
Mguu upo. Njia ndiyo imesahaulika,
na imesahaulika kichwani, si mguuni."
Akaukunja. Akaunyoosha. Akaukunja.
Viganja vyake vya moto
kama vya mtu aliyetoka kukanda chapati.
Hakuuvuta kama watu wanavyovuta nyavu.
Alikuwa anausubiri.

Siku ya tisa kidole gumba kikatikisika
kama dagaa wa mwisho ndani ya beseni.
Mimi nikalia. Yeye akaandika kwenye daftari.

Jumamosi moja, bila koti, akaja Igogo.
Nilikuwa nimehifadhiwa kwa dada yangu, huku chini,
nikamsikia anapanda akihesabu kwa sauti, kama kichaa:
arobaini na sita.
La saba limelegea. La kumi na tisa linafika magotini,
na hakuna pa kushika ila bomba la maji la jirani.
Jumatatu nikakuta chumba cha mazoezi
kimejaa matofali na kreti za soda,
juu, chini, tofali moja linacheza.
"Hili ndilo la saba," akasema. "Na lile unalijua."

Sitadanganya, nilimtukana.
Nilimtukana kwa Kisukuma; yeye ni Mjita,
akajibu, "Asante. Mara tano tena."
Kuna siku niligoma kabisa, nikageukia ukutani.
Akakaa pembeni, kimya, anamenya karanga,
kisha akazimimina kwenye mkono wangu wa kulia, ule mkaidi.
"Zikifika mdomoni ni zako."
Tatu zilifika. Nyingine zote ililiwa na sakafu karamu hiyo.

Jana tumepanda kweli.
Kupanda, mguu mzima hutangulia;
kushuka, hutangulia mgonjwa.
Hilo nalijua sasa kama salamu.
La saba nililikwepa.
La kumi na tisa nilikaa.

Sikufika nyumbani, wajue wanaotangaza nimepona.
Nilikaa juu ya jiwe, fimbo mapajani,
Bwire jiwe moja chini yangu, amesimama kama ukuta,
na katikati ya mabati ya watu ziwa likaonekana,
kipande tu, upana wa kanga.
Mlango wangu niliuona pia, bluu yake imebabuka,
kuku wa mtu amelala kizingitini.

"Yamebaki ishirini na saba," nikamwambia.
Hakuwa ameniuliza.