Mkanda wa Nyuma

Selika ya mwaka tisini na moja, milango miwili,
taa za mbele zinafumbuka kama macho ya chura,
ya kushoto hufumbuka baada ya kupigwa kofi.
Niliinunua kwa mpima ardhi aliyekuja na habari za gesi
akaondoka kabla gesi haijamjua jina.
Chikongola nzima iliniuliza: Mzee Likomba,
wewe na mbio wapi na wapi?

Sikuwa na mbio. Nilikuwa na magunia.
Misimu minane kiti cha nyuma kimekaliwa na korosho,
Nanguruwe hadi ghala la chama.
Gunia halidai mkanda,
gunia haliulizi tutafika saa ngapi.

Sasa Somoe ameshuka basi la Newala
na mwanawe Chande, miaka sita, kibogoyo wa mbele,
na kabla hata ya maji ya kunywa:
"Baba, mtoto wangu hakai nyuma bila mkanda."
Sikuuliza. Tangu siku ya mume wake
hasimulii safari.

Nikauvuta. Ukatoka shubiri moja, ukagoma.
Nikauvuta kwa nguvu. Ukagoma kwa nguvu ileile.
Nikautukana kwa Kimakonde, lugha ninayoitunza kwa ajili ya vyuma.
Haukusikia.

Jumamosi, basi, kabla jua halijapasha bati,
nikang'oa kalio la kiti, nikang'oa mgongo,
kisha plastiki ya ubavuni
iliyoshikwa na vibanio vilivyozeeka kuliko subira yangu:
vitatu vikatoka, viwili vikavunjika,
kimoja kikarukia shimo lisilofikika kwa mkono wa binadamu.
Boliti ya nyota. Sina spana ya nyota.
Nikaazima kwa Nammohe, fundi pikipiki,
akanipa pamoja na kicheko.
Spana nilirudisha. Kicheko angali anacho.

Kigurudumu kikaja mkononi, kizito kama kobe,
na humo, kati ya meno na utepe,
vumbi jekundu, chumvi,
na korosho moja ghafi, ganda limepasuka,
mafuta yake meusi yameunasa mkanda kama ulimbo.
Nikaichokoa. Ikaniunguza kidole
ilivyomuunguza mama yangu, aliyebangua kwa mikono
mpaka kucha zake zikawa za rangi hiyohiyo.

Sabuni ya unga, maji ya vuguvugu, mswaki wa zamani.
Nikaanika. Nikavuta.
Ukagoma.

Nusura nikitupie kuku.
Chande amechuchumaa, anatafuna muhogo:
"Babu, umekishika kichwa chini."
"Chenyewe kinajuaje?"
Akakitikisa sikioni pake. Kitu kilibingirika ndani.

Gololi. Gololi ya chuma, sawa na kunde,
imekaa kwenye kikombe chake.
Gari likiinama, likigonga,
gololi inapanda, inasukuma jino, jino linakaba.
Kikilazwa ubavu kinaamini tunapinduka.
Asubuhi yote, kumbe, nilikuwa napigana
na kitu kinachodhani kinatuokoa.

Nikakisimamisha kama kilivyosimamishwa kiwandani.
Nikavuta polepole,
unavyovuta shuka lililolaliwa na mtoto.
Ukaja. Ukaja wote,
na mwishoni kabisa kipande ambacho jua halijakiona,
cheusi tii, kipya kama hakuna aliyewahi kusafiri.
Somoe akakigusa kwa kidole gumba,
akaingia ndani kuinjika wali.

Jioni twende Mikindani kununua pweza.
Kwenye mteremko mbuzi akakatiza, nikakanyaga breki,
nyuma pakalia: tak.
"Umenishika," Chande alisema. Hakuwa anasema na mimi.
Kisha ukamwachia, taratibu,
na mama yake, kando yangu, akapumua
pumzi ambayo sijui alikuwa ameishikilia tangu lini.

Plastiki inagongagonga kila shimo, nitatafuta vibanio.
Na kuna skrubu moja imebaki mezani, fupi, kichwa bapa.
Nimezunguka gari zima na tochi.
Sijui ni ya wapi.