Kona ya Tanuri

Tuko magari kumi na moja, na kona ni moja,
pale nyuma ya Ipuli, tanuri la matofali linapobana njia.
Wameizungushia matairi makuukuu, wameyapaka chokaa.
Upana wake ni magari mawili yenye adabu,
au matatu yenye kiburi.

Nimepangwa wa saba.
Korola si yangu, ni ya shemeji Msabila.
Kila Jumatatu huleta asali kutoka Sikonge, madumu sita;
zulia linanata, na juu ya dashibodi kuna nyuki mfu
niliyekatazwa kumtoa.
Masharti mawili: mafuta juu yangu,
na kioo cha kushoto kirudi kizima.
"Hicho nilikisubiri miezi mitatu," alisema,
akakifuta kwa kiwiko.

Leso ikashuka. Vumbi.

Mwenda pole hajikwai, husema bibi yangu,
lakini bibi hajawahi kuwa wa saba.
Mafahali wawili hawakai zizi moja;
sisi kumi na mmoja tunaingia kwa pembe,
na mlango ndio huo.

Fundi Sizya, mtengeneza breki wa Cheyo,
aliniambia akiwa chini ya gari, nikiongea na miguu yake:
"Usimtazame wa mbele, utamfuata hadi shimoni.
Tazama pa kutokea."

Mzunguko wa pili nikaona upenyo ndani ya Mihayo,
mwembamba kama mlango wa choo cha shule.
Nikaingiza pua.
Pua ilifika kwenye gurudumu lake la nyuma, basi.
Hapo huna haki, una ombi tu.
Ukifika usawa wa bega lake, akakuona,
ndipo hodi yako ni hodi.
Nilibisha. Kichwa chake hakikugeuka.

Nikakanyaga breki.
Wawili wakanipita wakipiga honi kama harusi.
Wa tisa.
Mguu wangu wa kulia ulitetemeka kwa aibu,
nao si wa kuambiwa kitu.

Mzunguko wa nne, wale wawili na Kapela
wakaingia konani bega kwa bega kwa bega,
kila mmoja akingoja mwenzake aogope kwanza.
Hakuogopa mtu.
Matairi meupe yakaruka.
Mimi nilikuwa nimeshika breki mapema, nikakata kwa kuchelewa,
nikatoka na gia ya tatu ikiimba,
nikiwaacha watatu wakitafutana ndani ya vumbi.

Wa sita. Kisha Mihayo tena, ubavuni,
na safari hii kichwa kiligeuka.
Alinipa nafasi ya kiganja. Nikampa ya kwangu.
Tukaizunguka kona nzima hivyo, hatupumui,
kikasikika kitu kidogo, kama kijiko kugusa kikombe,
na nje ya kona nikawa mbele yake.

Ushindi? Hapana.
Kona ya mwisho Kalekwa alifika begani kwangu na kistareti chake,
akabisha vizuri, na mimi nina malezi.
Nikasogea.
Nikamaliza wa sita.

Jioni shemeji alizunguka gari mara mbili, kimya.
Akahesabu taa. Akamwangalia nyuki.
Akainama kwenye kioo cha kushoto:
kizima, ila ganda lake lilikuwa na mstari wa buluu,
urefu wa kidole.

"Rangi ya nani hii?"

"Ya Mihayo," nikasema. "Tulisalimiana."