Shubiri Moja na Nyanda Tatu

Bwana shamba alikuja na pikipiki na kekee ya udongo,
akaizungusha mara nne; ya tano ikalia.
Akaandika daftarini: sentimita ishirini na tisa.
Mimi nikatia mkono shimoni nikapima:
shubiri moja na nyanda tatu.
Tulikuwa tunasema kitu kimoja.

Shamba hili la Langobaya
nilipewa baada ya ndugu zangu kuchagua.
Thoya alichukua bondeni, upande wa Sabaki,
ambako jembe huzama kama kijiko kwenye uji.
Nzaro akachukua penye mikorosho.
Nikaambiwa: na wewe Mbodze, chukua palipobaki.

Palipobaki pana mawe.
Si changarawe, usikosee; changarawe ni kitu cha kuchezea.
Haya ni mawe ya mviringo,
mengine ngumi ya mtoto, mengine kichwa cha mbuzi,
yamelala udongoni kama viazi visivyopandwa na mtu,
na kila msimu navuna.
Nimevuna ua wa mbuzi. Nimevuna kizingiti.
Mafiga hayafai: yakipata moto hupasuka.

Kati ya jiwe na jiwe, udongo kidogo,
rangi ya majivu yaliyolowa.
Ukiufinya haushikani,
ukifungua kiganja unaondoka
kama mgeni aliyechungulia chungu akakiona kitupu.

Na chini yake, sakafu.
Sijui nani aliisiriba. Haina ufa.
Mtaimbo ukiigonga inajibu tii!
na kiwiko changu husikia kabla ya sikio.

Ndiyo maana mvua ya Mei ikishinda siku tatu
mahindi yangu husimama majini kama watu waliokosa kivuko,
kisha jua likiwaka wiki mbili tu
majani yanajikunja.
Kuzama na kukauka, shamba moja, mwezi mmoja.
Ndiyo maana muhogo wangu hauna adabu za muhogo:
unashuka, unagonga, unakunja kiwiko,
unatambaa ubavu ukitafuta mlango.
Sokoni Malindi huniuliza, mama, hii mihogo au ndoana?
Nawajibu: utamu ni uleule, kazi ni kumenya.

Mwaka aliofariki mama
vijana wanne walichimba siku mbili.
Walifika shubiri moja na nyanda tatu, wakaketi.
Wakawasha kuni mle shimoni, wakamwagia maji makaa,
na sakafu ikapasuka kwa mlio
ambao hata waliokuwa wakilia walinyamaza.
Unene wake, dhiraa moja.
Dhiraa moja tu!
Chini yake udongo mwekundu, mbichi,
ukinukia kama mvua iliyowekwa akiba.
Miaka yote ile tulikuwa tukitembea juu yake
tukimwomba Mungu maji.

Kaburini sikupanda kitu. Nani angepanda?
Mpapai ulijiotea wenyewe, pembeni, penye kifusi.
Kiangazi kile majani ya kila mtu yalijikunja,
ya kwangu, ya Nzaro, mpaka ya Thoya kule bondeni.
Ya mpapai hapana.

Bwana shamba hakuuliza habari za mpapai.
Aliandika: ardhi duni, inafaa malisho.
Akapiga kiki, akaenda.

Nami nikaenda kwa Thoya kuazima mtaimbo.
Shimo moja kwa mwezi, sizidishi, mgongo ni wangu:
toa mawe, washa moto, mwaga maji, ngoja mlio,
bomoa, jaza samadi, panda.
Thoya alicheka hadi akashika mbavu.
Kwa mwendo huo, dada, utamaliza una miaka mia mbili.

Huenda.
Leo niko la tisa.
Mtaimbo umepinda kidogo nchani
na bado sijamrudishia.