Mkondo Umezidi

Mara tatu nyekundu, kimya, mara tatu tena.
Taa ya usukani inakonyeza
na Ismenia Catrileo ananikazia macho mimi,
kana kwamba ni mimi niliyeilisha baiskeli yake pilipili.
"Mkondo umezidi," namwambia.
"Mkondo gani? Mtaani kwetu bomba limekauka tangu Jumanne."

Valparaíso, saa kumi na moja alfajiri.
Ukungu umepanda kutoka bandarini umelalia mabati.
Nyuma ya kiti kreti mbili za mkate, bado wa moto,
na huko juu kilima kizima kinangoja kufungua kinywa.

Tambarare inakwenda, anasema.
Ikionja mwinuko inatetemeka, inazima.
Akiizima akaiwasha, inamkubalia hatua kumi.
Hatua kumi, kisha mgomo.

Mpwa wangu Baltasar ameshatoa hukumu:
betri imezeeka, au kidhibiti kimeungua,
au mama apunguze mkate.
Angekuwa daktari huyu,
angekata mguu kwa sababu kiatu kinabana.

Nilianza na gurudumu.
Nikaliinua, nikalizungusha kwa mkono. Likasita,
kusita kwa mtu aliyeshikwa shati kwa nyuma.
Breki haigusi. Beringi safi.
Nikachomoa nyaya tatu za mota,
ya manjano, ya kijani, ya buluu,
nikazitenga zisisikie hata pumzi ya mwenzake,
nikazungusha tena.
Bado linasita.

Basi kidhibiti hakina kesi.
Kilikuwa kinapiga yowe tu,
kikikata umeme kabla haujala mota,
nasi tulitaka kumfukuza mlinzi
kwa kosa la kumwona mwizi.

Ncha moja ya mita kwenye waya,
ya pili kwenye chuma cha ekseli.
Haikupaswa kulia.
Ikalia.

Nikamulika pale nyaya zinapoingia kitovuni:
zimesokotwa kama nguo inayokamuliwa,
ngozi imechubuka mahali pawili,
shaba tupu ya manjano na ya kijani
zimeegemea chuma kimoja, zinapiga shoti.
Kila mlima ekseli iligeuka kidogo.
Kila mlima ikazisokota kidogo zaidi.

"Nani alifungua gurudumu hili?"
"Mimi. Pancha, wiki tatu zilizopita, mvua inanyesha.
Nilirudisha kila kitu."
"Na washa? Ile yenye ulimi mfupi,
inayokaa kwenye pengo la fremu, inaishika ekseli isizunguke?"

Akanyamaza.
Akaingiza mkono mfuko wa koti,
akatoa sarafu, ufunguo, tiketi iliyolowa ikakauka,
kisha kiduara cha chuma chenye ulimi.
Wiki tatu amekibeba kupanda na kushuka.
"Nilidhani imezidi," akasema.

Baltasar akacheka. Nikampa kisu atahiri nyaya.
Tukaunga shaba, tukavisha utepe, tukarudisha washa mahali pake,
nikakaza nati hadi spana ikaguna.
Gurudumu likazunguka, likaendelea kuzunguka
sisi tukiwa tumeshanawa mikono.

Alilipa nusu kwa pesa, nusu kwa mkate.
Akaondoka bila kuaga; saa ilikuwa imemwacha.
Tulisimama mlangoni tukiisikiliza mota ikipanda
ndani ya ukungu, ile sauti nyembamba ya nyuki mmoja,
hadi kwenye kona ambapo ilikuwa ikizima.
Baltasar aliacha kutafuna.